Fimbo Iliyosonga Ugali

Jumanne, 5 Mei 2015
Maktaba tena baada ya shule. Basi la Morse Road lilichelewa. Nimeandika ukurasa wa tatu wa historia ya klabu ya Waairishi. Mwalimu alitaka kila mtu achague chama kimoja cha hapa Columbus. Nilichagua hawa kwa sababu Mzee Colm, mmoja wa waanzilishi, husoma gazeti meza ya jirani, na ndiye aliyeanza kuniongelesha. Mimi nisingethubutu.

Mchezo wao unaitwa hurling. Mpira mdogo mgumu, fimbo ndefu ya mti yenye ncha pana, bapa. Mwanzoni hawakutosha hata timu moja. Walisafiri hadi mji wa Buffalo kutafuta wa kucheza nao, na wakifika wanaazima wachezaji kwa wenyeji. Hilo nimelipenda. Kwaya yetu ilianza hivyohivyo.

Alhamisi, 7 Mei
Mzee Colm ameniazima fimbo ya mwaka wa kwanza, niiandikie maelezo. Jumamosi ya wiki ijayo klabu ina sherehe, timu ya Buffalo inakuja, na fimbo itawekwa mezani pamoja na maandishi yangu. Ina majina ya wachezaji wa kwanza kwa wino uliofifia. Moja ni la mdogo wake, Fergal, marehemu. Alinionyesha kwa kidole bila kuligusa.

Chumbani wadogo zangu huchezea kila kitu. Nimeiegemeza jikoni, nyuma ya mlango. Sikumwambia mtu. Ndivyo nilivyo.

Jumapili, 10 Mei


Leo kanisa lilipokea wageni kutoka Louisville, shangazi yangu wa mtaa wa Shively akiwemo. Mama alipewa kazi ya ugali. Kambini Tanzania, tulipokuwa wakimbizi, yeye ndiye aliyesonga ugali wa misiba na harusi, na tangu tufike huku analalamika kwamba hakuna duka lenye mwiko wa maana. Nilikuwa na watoto wa shule ya Jumapili. Nilipoingia jikoni mwa kanisa, nikaiona fimbo. Mikononi mwa Mama. Ndani ya sufuria.

"Tazameni!" aliwaambia wenzake. "Mnasema watoto wa huku hawana akili ya nyumbani. Wangu huyu kaniletea mwiko, tena kimyakimya!"

"Odette, na mimi unitafutie," akaniambia shangazi. "Wa kwangu ananiletea nguo chafu tu."

Wakacheka. Mama alikuwa anang'aa. Nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Kumbe jana aliikuta nyuma ya mlango, akaisugua kwa waya wa masufuria. Ilikuwa chafu, alisema, imeandikwaandikwa. Majina hayapo. Ncha imeungua.

Ugali nilikula.

Jumatatu, 11 Mei
Nimemwambia Mama fimbo ni ya nani. Alikuwa ametoka kazini ghalani, bado amevaa fulana ya kazi. Akakaa.

"Kwa hiyo haikuwa zawadi."

Hilo ndilo alilosema kwanza. Sina pa kuficha uso.

Jumanne, 12 Mei
Nimempelekea Mzee Colm fimbo maktaba. Akaigeuza. Akapapasa kwa kidole gumba pale pa Fergal. Akauliza nani amefanya hivi.

Nikasema watoto wa jirani.

Neno lilitoka lenyewe. Niliogopa amwone Mama mshamba. Mama yangu, mwenye lugha nne. Akajibu kwamba watoto ni watoto. Naona haya.

Alhamisi, 14 Mei
Mama anakwenda kuomba radhi. Kwetu huendi peke yako. Unakwenda na mtu wa kukusemea, na kinywaji, mnakunywa pamoja, ndipo kosa linaisha. Wengine hupeleka bia. Sisi ni walokole, amenunua katoni ya Fanta. Msemaji ni Mzee Salvator, shemasi wetu. Mkalimani mimi.

Nimemwambia hawa hawana desturi hiyo.

"Kwani yeye si mtu?"

Hajui nilichosema maktaba. Sijaweza kumwambia.

Ijumaa, 15 Mei
Tuliwakuta watu wa klabu uwanjani, upande wa Westerville, wakichora mistari. Mzee Salvator alivaa suti. Alianzia mbali kama adabu inavyotaka: mvua, ng'ombe, ujirani. Nikatafsiri yote. Kisha Mama akasimama mwenyewe. Akasema, ni mimi niliyeharibu, binti yangu hana kosa.

Mzee Colm akanigeukia asikie.

Nikasema Mama anasikitishwa na walichofanya watoto wa jirani.

Akampa Mama mkono. Mama akadhani amesamehewa, akalia. Halafu akataka aeleweke vizuri. Akainama, akasonga ugali usiokuwepo, mikono miwili, kwa nguvu, akaonyesha fimbo za wachezaji zilizolala nyasini, akajigonga kifuani.

Mzee Colm alimtazama. Kisha akanitazama mimi. Akafungua Fanta, akanywa naye.

Afadhali angenikemea.

Jumamosi, 16 Mei
Asubuhi nilichana karatasi ya maelezo ya fimbo, nikaandika nyingine. Sikumwonyesha mtu. Niliiweka mezani kabla watu hawajajaa.

Mzee Colm aliisoma amesimama. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Akaiacha palepale.

Buffalo walishinda. Mama alikuja na kitenge chake cha Pasaka. Akaiona fimbo, akaniuliza wameandika nini hapo. Nikamsomea kwa Kiswahili: kwamba majina ya wachezaji wa kwanza yalifutwa na Mama Odette, aliyedhani binti yake amemletea mwiko. Kwamba siku hiyo watu wengi walikula wakashiba. Kwamba binti alisema uongo, akawasingizia watoto wa jirani.

"Ulimwambia hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na jana? Nilipokuwa nimesimama pale?"

"Na jana."

Akarekebisha kitenge begani. Tulitazama kipindi cha pili chote tumekaa benchi moja. Kwenye basi aliketi dirishani. Baada ya vituo kadhaa alinipa mkoba wake nimshikie, akafumba macho.