Pua Niliyomtengenezea Mama

Newala, Jumamosi ya Juni. Ukungu umeikalia mikorosho tangu alfajiri, na mimi nimejifunga khanga mbili nikiwaza.

Mezani kuna kichupa cha unga mweupe, mwepesi hata ukipumua karibu unaruka. Mama alipokiona alidhani ni salfa ya aina mpya, akauliza utatosha mikorosho mingapi. Ni oksidi ya bati niliyoitia madini ya fedha kidogo sana, chembe zisizoonekana kwa macho. Ukiupaka kwenye kihisi, kidude cha umeme cha kugundua hewa mbaya, na kuupasha moto, unainusa ile gesi ya sumu ya mkaa ambayo pua ya mtu haiipati.

Miaka miwili maabarani nimeusaga nikikiota chumba hiki: Mama amelala, na kitu kidogo ukutani kinamlinda.

Maana Mama hulala na jiko la mkaa chumbani. Baridi ya huku juu haina adabu. Mwaka jana aliamka kichwa kikimgonga, akaanguka mlangoni, akasema ni presha.

Jana nilikiwasha kihisi nilichokipaka unga huo, nikakiweka dirishani kizoee hewa. Jirani yetu, Baba Zuhura, alikuwa akipulizia mikorosho yake salfa. Wingu la njano likaelea, likaingia taratibu, nikabaki kulitazama kama mtoto. Lilikuwa zuri mno. Msomi mzima, sikukumbuka kwamba salfa na fedha hazipatani: ikiigusa, unga haunusi tena.

Leo nimekiweka karibu na jiko lenye mkaa unaowaka, nikisubiri kilie.

Kimya.

Nililia, sifichi. Mama akauliza kulikoni, nikamwaga yote: kwamba kifaa kilikuwa cha kumwonya, kwamba jiko lile litamuua, kwamba kila simu ikiita alfajiri naogopa kupokea.

Mama akanigeukia.

"Sasa mwanangu, miaka yote hiyo ulikuwa unasubiri unga ndiyo uniambie?"

Ukweli ni kwamba nilijiona sina mdomo wa kumfundisha mzazi wangu namna ya kulala. Kumtengenezea pua ilikuwa rahisi zaidi.

Jiko amelibeba mwenyewe mpaka barazani. Sasa namsikia akipekua sanduku, anatafuta blanketi la tatu huku akininung'unikia.

Unga nitautengeneza upya, Baba Zuhura akishamaliza salfa yake. Leo tutalala kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo kama zamani, na baridi ya Newala itajijua.