Themanini na Tano kwa Mia

Nyantakara,
14 Machi 1979

Kwa dada yangu Adelfina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu ya kuinuka na kushika jembe, hata kama moyo bado uko makaburini. Mama anaendeleaje na miguu yake? Benedicta amerudi shule? Mimi mwili ni mzima. Zaidi ya hapo siwezi kusema.

Barua yako niliipata. Umenieleza jinsi shemeji Audax alivyohara damu siku nane mpaka akafariki, na jinsi mganga wa zahanati ya Nyakisasa alivyokuonyesha vidonge vya salfa kabatini, akasema amekatazwa kuvitoa kwa kuwa ugonjwa umevizoea. Ukaniuliza, kwa vile nafanya kazi ofisi ya afya, amri ile ilitoka wapi. Nimekaa na swali lako wiki tatu.

Novemba, vita ilipoanza, ofisi yetu ilitakiwa na wakubwa wa mkoani ieleze kama salfa bado inaponya kuhara damu. Karani mmoja akapewa taarifa azijumlishe, litoke jibu moja. Ya kwanza ilitoka hospitali yenye maabara: wagonjwa arobaini walipimwa choo, na vijidudu vya thelathini na wanne havikusikia salfa. Lakini hao arobaini walipelekwa huko kwa sababu walikwisha kumeza salfa vijijini wasipone. Waliopona walibaki nyumbani wakipalilia maharage, nani angewapima? Taarifa ya pili iliandikwa na muuguzi wa hospitali hiyo hiyo, juu ya wagonjwa wale wale. Karani aliliona jina la mama mmoja wa hapa, Kwandu, mara mbili, umri ule ule, tarehe ile ile. Ya tatu ilitoka zahanati ya Nyantakara: watu mia mbili na kumi na wawili walipewa salfa, mia moja tisini na wanane wakapona. Hiyo iliwekwa kando, eti zahanati haina darubini ya kuonea vijidudu.

Karani akaenda kwa msimamizi wake, Bwana Philbert, akamwambia hesabu imepinda. Bwana Philbert si mtu mbaya; mwanawe yuko vitani na hana habari zake. Alisema, “Gari la kupeleka taarifa linaondoka saa nane. Wanataka tarakimu moja, hawataki maelezo.” Karani akarudi mezani, akajumlisha arobaini na arobaini. Asilimia haikubadilika, ila watu themanini wanaaminika kuliko arobaini. Akaandika kwamba katika kila wagonjwa mia, themanini na watano hawaponi kwa salfa. Akapiga mstari chini yake kwa rula.

Amri ikashuka: acheni salfa, subirini dawa mpya. Dawa mpya haikufika, malori yalikuwa yamechukuliwa na vita. Shemeji akapewa maji ya chumvi.

Dada, karani huyo ni mimi.

Ningeandika pembeni maneno machache tu, kwamba hawa ni wale walioshindikana vijijini, huenda mtu angeuliza. Sikuandika. Nilikuwa nikisifiwa kwa wepesi wa hesabu, na sifa ile niliipenda. Sijui kama salfa ingemponya shemeji. Wengine hupona hata bila dawa, na wengine hawaponi hata wakiipata. Ninachojua ni kwamba nilimnyima nafasi hiyo, yeye aliyenipeleka Ngara kwa baiskeli nilipochaguliwa shule, akiisukuma kila mlima.

Nilipopata barua yako nilipeleka hesabu iliyosahihishwa. Bwana Philbert aliisoma yote, akaifungia kabatini, akasema amri haitenguliwi katikati ya vita. Nikaandika nakala nne, nikazipeleka zahanati nne mwenyewe. Waganga wawili walinifukuza, wawili wakafungua makabati. Mganga wa Nyakisasa alifungua. Nilipita karibu na mlango wako siku ile, nikaona kanga yako kwenye kamba, sikuthubutu kubisha hodi. Kazi wameniachisha, nalima hapa kwa rafiki yangu Luhende.

Msomee mama barua yote, usiruke neno. Huko kisimani yeye hujisifu kwamba mwanawe anashika kalamu. Ni haki yake ajue. Wasalimie watoto. Siku utakayotaka nije, niite. Usiponiita, nitajua umenijibu.

Ni mimi mdogo wako,
Laurian