Ulipima kwa Mkono wa Nani?

Mwera, 3 Agosti 1955

Mdogo wangu Idarusi,

Salamu nyingi, na hali yako iwe kama ninavyokuombea kila alfajiri. Sisi wazima, ila shemeji yako Sabiha jino linamsumbua, naye anatusumbua sote.

Nimepata boriti ya chuma kutoka kiwanda cha mkonge kilichobomolewa. Nataka kuipitisha juu ya chuo changu, ukuta hadi ukuta, niiondoe ile nguzo ya katikati. Watoto wanajificha nyuma yake wanalala, na Kurani haisomwi kwa kukoroma. Wewe kazi yako huko Tanga ni kuchora majengo. Vipimo vya boriti viko nyuma ya karatasi hii. Upana wa chumba ni mikono kumi na miwili. Je, itabeba paa?

Kaka yako,
Maalimu Jumbe

Ngamiani, Tanga, 12 Agosti

Kaka, shikamoo.

Mimi mzima. Shemeji asukutue kwa maji ya chumvi na karafuu. Ofisini tuna mashine ya hesabu: unazungusha mpini kama wa cherehani, jibu linatoka. Nimeizungusha. Boriti inatosha na kubaki. Fundi aisimamishe kwa ubavu wake mrefu, asiilaze.

Mdogo wako,
Idarusi

Mwera, 25 Agosti

Idarusi, marahaba.

Jino limeng'olewa, nyumba imetulia. Nguzo nayo tumekwisha kuing'oa. Paa tumelishikiza kwa miti mpaka boriti ipande, na watoto wanasoma kama kawaida. Ila Sabiha amepima tena, ati chumba ni mikono kumi na minne. Nimemwambia chumba hakinenepi. Kwa kumridhisha tu, zungusha tena mashine yako.

Kaka yako,
Jumbe

SIMU YA MAANDISHI. Tanga, 31 Agosti

BORITI HAIFAI TOA WATOTO HARAKA IDARUSI

Ngamiani, 31 Agosti

Kaka, shikamoo.

Natumaini simu imetangulia na nyote hamjambo. Kwa mikono kumi na minne boriti itapinda. Nilidhani mashine imeharibika, nikaifungua. Bwana mkubwa akanikuta vyuma vimetapakaa mezani, akasema niifunge mashine au nifunge virago. Mwenzangu Kristofa akapiga hesabu kwa kalamu, akapata majibu yale yale mawili. Basi mashine nzima, wagonjwa ni sisi. Kila mkono nimeuhesabu futi moja na nusu bila kukuuliza. Kaka, ulipima kwa mkono wa nani?

Idarusi, mdogo wako

Mwera, 5 Septemba

Idarusi, Mungu akusamehe.

Simu ikiingia Mwera ni msiba. Aliyeileta hajui kusoma, alinikabidhi huku analia. Kabla sijaifungua, Sabiha alikwisha kujitupa chini na majirani wamefika na mchele. Nikaisoma kwa sauti. Wakatazamana, kisha mmoja akauliza, "Huyo Boriti ni nani?" Walipojua ni chuma walikasirika kwa kulia bure, wakarudi na mchele wao.

Watoto nimewahamishia barazani kwangu. Mara ya kwanza alipima fundi Safari, ambaye mkono wake unakaribia goti. Mara ya pili alipima Sabiha, na mkono wake unaujua: mfupi, ila mzito.

Sina usingizi, mdogo wangu. Watu wamenikabidhi watoto wao, nami nimewakalisha chini ya paa lililoshikwa na miti. Njoo.

Kaka yako

Ngamiani, 9 Septemba

Kaka, shikamoo, na poleni kwa msiba wa Boriti. Nakuja kwa basi la Jumamosi na futi kamba. Mpaka nifike, asipime mtu.

Mdogo wako

Mwera, 2 Oktoba

Mdogo wangu Idarusi,

Tunakushukuru sote, na Sabiha anakusalimu. Tangu uondoke imenyesha mvua ya upepo, na paa halikulia hata kidogo. Kila anayeingia namwambia, "Futi ishirini, na boriti inatosha," kana kwamba nimepima mimi.

Kuna jambo. Ulipomwambia Safari aondoe miti ya mwisho, ulikwenda ukasimama katikati, chini ya boriti. Safari akakuambia, "Toka, bwana," nawe ukamjibu, "Hesabu ni yangu." Hapo mimi nikatoka nje kwa mlango wa nyuma. Watu wanasema Maalimu aliogopa, nami nimewaacha waseme.

Wanafunzi walikuwa wamejaa mlangoni, na sikutaka wamwone maalimu wao akilia. Ukiulizwa huko Tanga, sema nilikwenda kufukuza mbuzi.

Kaka yako akupendaye,
Jumbe