Kanda Ndogo za Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata kazi ya ukoo! Binti wa dada kaingia dukani, tumbo limemtangulia, mkononi mfuko wa plastiki. Kaumwaga juu ya kaunta. Kanda ndogo za kamera, zile za zamani, nyingine zimeota ukungu kama mkate uliosahauliwa kabatini. "Mjomba, nataka ziwe dividii. Na Mama asijue, nataka nimshtue."

Kazikuta kwenye sanduku chini ya kitanda cha mama yake. Miaka yote aliambiwa zilioza zikatupwa. Kumbe zipo!

Huyu ni muuguzi, kuchoma watu sindano kwake ni kama kupiga pasi. Lakini leo macho yalimlowa. Baba yake anamjua kwa picha moja tu ya ukutani: kavaa tai, kanuna kama anasubiri kung'olewa jino. Shemeji alifariki binti akiwa bado tumboni. Sasa na yeye ana wake tumboni, na akiwa wa kiume atapewa jina la babu. "Nataka nimsikie anavyoongea, Mjomba. Hata neno moja."

Nikamwambia, mwanangu, umefika kwa mwenyewe! Mji huu nani mwingine anafufua kanda? Mimi niliyeikimbia shule kabla haijanifukuza, niliyepikia manahodha kwenye meli, niliyefundishwa video na fundi wa mitambo mwenye jicho moja, na jicho hilo moja lilikuwa linaona kuliko yenu yote! Kacheka mpaka kashika tumbo. Nikamkatalia malipo. Akang'ang'ania, nikamtishia nitamwambia mama yake.

Jumanne, 4 Machi

Kazi hii haina njia ya mkato. Unaifuta kanda ukungu, unaitia kwenye kamera, kamera inaunganishwa na kompyuta kwa zile nyaya za njano, nyeupe na nyekundu, basi, unakaa. Kanda ya saa nzima inataka saa nzima. Huwezi kuikimbiza.

Sauti nimezima. Mimi hufanya kazi hivyo sikuzote. Ukisikiliza sherehe za watu kutwa nzima utatamani kuwa kiziwi. Picha inapita, mimi nasikiliza mpira redioni.

Dada alivyokuwa mwembamba! Anaikimbiza kamera kwa mwiko jikoni, anaficha uso, anacheka. Sijui kicheko hicho alikiweka wapi siku hizi. Shemeji je? Hayumo! Kanda baada ya kanda — hayumo. Nimeona mkono, nimeona kivuli ukutani. Nikagonga meza: bila shaka hayumo, kamera kaishika yeye! Mtu mzima kajifuta kwenye maisha yake mwenyewe.

Nikampigia binti, nikamwambia asitegemee sura, ila sauti ya nyuma ya kamera lazima itakuwepo. Akasema, "Sauti inanitosha, Mjomba."

Kanda ya mwisho inafurahisha. Mtoto mnene anaogeshwa kwenye beseni, anapiga maji kama ana ugomvi nayo. Shavuni ana alama nyeusi, tone la wino kabisa. Binti wetu mwenyewe huyo, alama hiyo anayo mpaka leo! Nikadhani jirani fulani alimsaidia dada kupiga picha. Nikaandika kwenye kava: MALKIA ANAOGA.

Alhamisi, 6 Machi



Dividii zote zilisharekodiwa. Kabla ya kumkabidhi mteja lazima nijaribu, na kwenye kujaribu ndipo ninafungulia sauti. Kanda za mwanzo safi. Shemeji anatania nyuma ya kamera, anamwita dada "Mama Kelele". Kile kicheko chake, pikipiki inayogoma kuwaka! Nikacheka naye. Nikasema haya basi, binti kapata sauti.

Nikaweka ya mtoto kwenye beseni.

"Mtazame Baba! Baba huyu hapa! Mwanangu, mtazame Baba!"

Halafu kile kicheko.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikarudisha nyuma. Ni yeye. Nikarudisha tena. Ni yeye! Marehemu anaongea na mtoto aliyezaliwa yeye akiwa keshazikwa!

Nimeona mengi. Nimeona wimbi linapita juu ya paa la jiko la meli, sufuria zikaelea. Hili sijawahi kuliona. Huyu mtu nilimlilia! Dada alinipigia simu nikiwa bandarini, akasema mume wangu kafa safarini, wamemzika hukohuko. Nikaenda kumenya vitunguu ambavyo havikuwa vinahitajika, ili wenzangu wasiniulize nalilia nini.

Nikamwita mama watoto. Kwanza akanicheka, eti sauti za wanaume zinafanana. Nikamwekea kanda. Hakumaliza. Kashuka taratibu kwenye stuli ya wateja, kajishika kichwa. "Nenda kwa dada yako," kasema. "Nenda kabla binti hajaja kuchukua mzigo wake."

Ijumaa, 7 Machi

Dada nilimkuta kwenye cherehani, pini mdomoni. "Kapteni wa masufuria! Leo imekuwaje, umefukuzwa nyumbani?" Kwa kawaida ningemjibu mpaka majirani wacheke. Leo nilisema tu: nimesikia kanda ya beseni.

Kazitoa pini moja moja, kazichomeka kwenye mto wake mdogo. Hakuniuliza kanda gani.

Shemeji hakufa. Aliondoka mtoto alipoanza kukaa mwenyewe. Alitoka asubuhi, hakuleta hata salamu. Baadaye dada akasikia yuko mji mwingine, ana nyumba nyingine. Dada akafunga virago, akahamia huku kusikokuwa na anayemjua, mimi nikiwa bado melini na sijui hata kama mtoto kazaliwa, akaanza kusema yeye ni mjane.

Nikamuuliza, sasa kwa nini useme alikufa kabla mtoto hajazaliwa?

"Ili asije akajiuliza alimuudhi nini baba yake."

  Nikatazama sakafu, vipande vya vitambaa tu.

Baadaye hasira ikanipanda. Na mimi je? Mimi ndugu yako wa tumbo moja, ukaniliza bure? Akasema, "Wewe una mdomo, mdogo wangu. Siri ukipewa asubuhi, mchana iko redioni." Alikuwa anatania huku machozi yanashuka. Nikamwambia si kweli. Ni kweli.

Kwa nini basi hukuzichoma moto hizi kanda?

"Umeisikia sauti yake?" kaniuliza. "Ile ni sauti ya mtu anayempenda mtoto. Ningeichomaje?"

Nikamwambia naweza kuikata. Nitoe sauti, niweke muziki laini, hakuna mtu duniani atakayejua, kazi yangu ndiyo hiyo. Binti abaki na kicheko cha zile kanda za kwanza, mjukuu apewe jina lake, mambo yaishe. Dada alinitazama mpaka nikaona aibu. Mwisho kasema, "Usikate kitu. Mwambie aje kesho. Nami nitakuja."

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa kaunta kwa sababu sijui mikono niifanyie nini. Wapo chumba cha nyuma, dada na binti, pazia limeshushwa. Nimewawekea dividii nikatoka. Mlango wa duka nimeufunga, mteja mmoja kagonga nikamwambia umeme hakuna. Taa inawaka juu ya kichwa changu!

Binti alipomwona mama yake hapa alinigeukia: "Mjomba, mdomo wako!" Akadhani nimeharibu mshtuko wake. Nilitamani iwe hivyo.

Dada alimweleza kabla ya kuwasha. Kwa maneno machache, namsikia, sauti imenyooka kama anapima kitambaa.  Halafu beseni. Maji. "Baba huyu hapa!" Kicheko.



Halafu wakarudia. Wakarudia tena. Nilitegemea kilio — nilishaweka maji ya kunywa, nilishamwambia mama watoto akae karibu na simu kwa ajili ya lile tumbo. Hakuna kilio. Badala yake binti anacheka, mnaelewa? Kicheko kilekile cha pikipiki! Miaka yote namsikia anacheka, sikuwahi kuunganisha.

Sasa kaacha. Pazia limefunguka. Kasimama mlangoni, mkono juu ya tumbo, lakini hanitazami mimi. Anamtazama mama yake.

"Sasa yuko wapi?"

Ningekuwa mimi ningesema sijui, mwanangu, hata ningekuwa najua.

Dada kainama, anafungua mkoba wake, anaufunga, anaufungua tena.  Hajasema hajui.