Tundu Kwenye Sakafu ya Juu

Leander mjukuu wangu,

Krismasi mbili hujakanyaga hapa. Huko kazini Alberta wamekufunga kamba? Sisi wazima, samaki ni wachache, na haya ananiandikia Bride, binti wa jirani, maana kalamu mimi sikufundishwa.

Ule mchoro wa kuibadilisha nyumba yetu uliotuma tumeufungua kwenye kompyuta yake. Chumba ulichonichorea chini nimekipenda. Lakini sakafu ya juu ilikuwa na tundu katikati, na kila tukiliziba linarudi. Nikamwambia, "Tundu halizaliwi bure, mwanangu. Tafuta mama yake." Akaigeuza nyumba huku na huku, kisha akacheka. "Bibi, huyu kafuta ngazi. Ukifuta ngazi, pale zilipopitia panabaki wazi."

Najua kwa nini umezifuta. Kweli nilianguka, na goti halipandi tena. Lakini chumba chako kiko juu, wewe ungepitia wapi? Tumezirudisha, na mchoro umetulia.

Ukija, usiende kulala hotelini. Panda ulale kitandani kwako, na asubuhi unishushie mablanketi yangu.

Bibi yako mkali,
Philomena