Mizunguko mia nne na sitini

Jumamosi, baada ya Magharibi. Joto limegoma kuondoka, na mikono yangu bado inanuka vanishi.

Saa hizi mwanangu Zuhura yuko nyuma ya jukwaa kwenye ule ukumbi mkubwa, anahudumia bendi ya wageni wanaopiga roki nzito. Ni kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo. Leo nusura aipoteze.

Asubuhi alifika na bajaji kwenye kibanda changu cha ufundi, hapa mtaa wa Gerezani, Kariakoo, akiwa na amplifaya ya gitaa. Alikuwa ameichomeka moja kwa moja ukutani. Nieleze kidogo: umeme wetu ni volti mia mbili na thelathini; wa huko walikotoka wageni ni kama nusu yake. Chombo chao lazima kipitie kwanza kwenye transfoma ya kupunguza umeme. Zuhura analijua hilo, alisahau kwa haraka tu. Fyuzi ingemwokoa, ila fundi fulani wa huko huko aliwahi kuiondoa na kuweka waya mnene. Kumbe ujanja huo hauko Kariakoo peke yake.

"Baba, nimeunguza kitu cha watu. Bosi hajajua."

Sikumgombeza. Nilifungua, nikanusa. Transfoma ya ndani ilikuwa imeungua msuko wa waya wa kuingizia umeme. Vingine vyote vizima. Nikaamua kuusuka upya kwa umeme wa hapa: mizunguko miwili ya waya kwa kila volti, yaani mia nne na sitini. Ukipunja, inaungua tena. Na mimi huhesabu kwa mdomo.

Nikafika mia tatu na kumi na mbili.

"Shikamoo, mzee wetu!" mpita njia akaniita.

"Marahaba," nikajibu, na hesabu ikapotea. Ndiyo shida ya kuzeekea mtaa mmoja: kila apitaye ana shikamoo yake, na shikamoo haiachwi bila jibu. Nikafumua, nikaanza tena.

Zuhura akasimama mlangoni. "Jamani, msimsalimie baba, anahesabu!"

"Anahesabu nini, wajukuu?" Huyo ni Shomari, jirani yangu muuza viatu vya mtumba. "Mbona hata mume hujatuletea!"

"Nikifukuzwa kazi leo, utanioa wewe?"

Watu wakaangua kicheko. Kisha Shomari, bila kuombwa, akazima kipaza sauti chake kinachotangaza bei kutwa nzima. Siku ya Jumamosi! Wapita njia nao wakawa wanaweka mkono kifuani, wanainama kidogo, wanapita. Sijawahi kuamkiwa kwa kimya namna ile.

Nilimaliza. Nikaupaka msuko vanishi ili waya zishikane, tukaikausha kwa jua na feni.

Sasa naungama.

Tukiwa njiani kuirudisha, Zuhura aliniuliza kama amweleze bosi. Mimi, niliyewahi kumchapa akiwa mdogo kwa uongo mmoja tu, nikamwambia: "Irudishe, unyamaze. Kwa nje haionekani kitu."

Tulipofika alikwenda moja kwa moja kwa bosi wake, mama mfupi mwenye bunda la funguo kiunoni, akasema yote mbele ya wapiga magitaa. Mimi nikainamisha macho.

Yule mama akaigeuza ile amplifaya, akaikagua nyuma.

"Ningeambiwa na mtu mwingine, ungeondoka leo leo," akasema. "Haya. Aliyeiunguza ndiye aiwashe."

Zuhura akaichomeka, safari hii ukutani kwa haki, akaiwasha. Mgeni mmoja mwenye ndevu hadi kifuani akagusa uzi wa gitaa, mbavu zangu zikatetemeka. Muziki wenyewe, niseme kweli, ulikuwa kama mabati yanayoshushwa kwenye lori. Lakini aliposhika nyuzi zikatulia, nilitega sikio: hakuna mvumo wa transfoma. Kazi imekaa. Mgeni akaninyooshea dole gumba.

Bosi akamgeukia Zuhura. "Unasubiri nini? Kafunge nyaya za ngoma."

Nikashusha pumzi.

Nashukuru kwa mikono ambayo bado haitetemeki. Nashukuru kwa Shomari, aliyeziacha biashara zake zikae kimya kwa ajili ya kelele za watu wengine. Ila shukrani yangu kubwa leo ni kwamba mwanangu hakunisikiliza.

Pale ukumbini nilishindwa kumwambia, niliona haya. Akirudi, kabla hajaketi, nitamwambia.