Wema Wako Uliishia Mlangoni

Mume wangu, Baba Zuhura,

Mungu akurehemu. Hilo nimelitanguliza ili usiseme nimekuja na ugomvi. Sasa nisikilize.

Bado nafua nazi. Kifuo ni kile kile ulichonichongea. Shamba ni lile lile la Baleni tulilopanda mimi na wewe. Ila sasa ni kibarua. Namfulia kaka yako.

Juzi nilikuwa nafua karibu na duka. Redio inauliza, hivi haya mambo ya kutetea wanawake bado yana kazi, au yamepitwa? Wanaume wa barazani wote wakasema yamepitwa. Kaka yako akasema, "Wameshapewa kila kitu. Sasa wanataka nini, ndevu?" Wakacheka. Mimi nikaendelea kufua.

Nikakukumbuka. Na wewe ulikuwa hivyo hivyo, ila kwa upole. Redio ikitaja haki za wanawake unaipunguza sauti, unaniuliza, "Mke wangu, wewe nani kakunyima?" Na kweli, sikuwa na wa kumtaja. Hukunipiga. Hukuninyima. Nikiumwa ulipika mwenyewe, ubwabwa unanuka moshi, tunaula hivyo hivyo tunacheka.

Unakumbuka tulivyopanda? Wewe unachimba na kutia chumvi shimoni, mimi nabeba maji kutoka kisimani, Zuhura mgongoni. Tulipomaliza ukaniambia, "Minazi hii yetu wawili. Nikitangulia, hutamwomba mtu." Nilifurahi siku ile. Nilikupa mpaka samaki wangu.

Sasa nakuuliza. Mimi uliniambia. Kaka yako ulimwambia lini?

Ulipokufa nikakaa eda, ndani, kama inavyotakiwa. Ndugu zako hawakungoja nitoke. Wakakaa barazani kwangu kugawa mirathi, mimi nipo nyuma ya mlango nawasikia. Kaka yako akasema ardhi ni ya babu yao, na mti unafuata ardhi. Hakuna aliyebisha. Nikapaza sauti kutoka ndani, nikasema minazi ile nimeipanda kwa mikono yangu na mume wangu alisema ni yetu.

"Shemeji, upo eda. Tulia," akanijibu. "Na marehemu sisi hakutuambia kitu."

Hapo hakusema uongo.

Thumuni yangu, fungu la mjane, wakanipa kitanda, na baiskeli yako isiyo na breki.

Haki yangu ilikuwa wewe. Ulipokufa, tumekuzika nayo. Wa redio angekuja kuniuliza mimi, jibu langu ndilo hilo. Lakini mfua nazi nani anamuuliza.

Zuhura kaposwa. Kijana fundi seremala, ana adabu, shikamoo yake haikosi. Walii ni kaka yako, maana wewe hupo. Kijana na wazee wake wakaja kuuliza mahari, wakakaa barazani pale pale. Zuhura akatoa jibu lake: kabati hataki, kitanda hataki. Anataka minazi ya huyo kijana, itajwe kuwa yake mbele za watu siku ya ndoa. Kaka yako akawaka, akasema binti kafundishwa na redio. Kijana alikuwepo. Akatazama mkeka.

Baadaye akaja uani. Mimi napepeta mchele, Zuhura anaosha vyombo. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Usijali. Changu si chako?"

Baba Zuhura, nilihisi ni wewe unaongea. Nikauweka ungo chini.

Mwanao hata hakuinua kichwa. "Basi rudi barazani ukaliseme hilo."

Akachukua viatu vyake mkononi. Kisha akaaga, akapitia mlango wa uani. Barazani hakurudi.

Ndoa imekwama. Watu wananisema, eti nimemharibia binti mume mwema. Ni mwema, sikatai. Na mimi nilikuwa na wangu mwema. Leo namfulia mtu nazi zangu mwenyewe.

Nimekukasirikia, na dua nakuombea. Vyote viwili. Kesho wanaangua ile minazi ya karibu na kisima, imezaa sana mwaka huu. Nitakuwepo na kifuo changu.

Wewe pumzika. Ila ukikutana na babu yenu huko, mwambie ile minazi ni ya nani. Na safari hii sema kwa sauti.

Mkeo, uliyeniambia mimi peke yangu,
Mama Zuhura